Kupumzika Kisiwani Unguja

Shule zikifungwa, na mavuno yakiisha kuwekwa ghalani, wako wengi katika jamaa zetu watakao kusafiri. Na siku hizi safari zao si za kwenda kuzika wala kuoza tu, bali ni za kwenda kupumzika. Wengine hukata tikiti ya meli na kwenda Unguja pamoja na watoto wao. Wako walimu wawapelekao wanafunzi wao huko. Wako pia vijana wetu waendao, si kupumzika, bali kuwatumikia wale wanaopumzika, maana hoteli ni nyingi na kazi hupatikana. Kwa ajili hiyo tumeona vema kuwapa habari za kisiwa hiki, michezo yake na starehe zake, na kuangalia pamoja nanyi jinsi impasavyo Mkristo kupumzika.

Wako waulizao, Je, yafaa mtu mwenye nguvu zake kukaa ufuoni siku tano bila kazi? Twajibu kwamba kupumzika si uvivu. Bwana wetu mwenyewe, kama tusomavyo katika Injili ya Marko sura ya 6, aliwachukua wanafunzi wake faraghani walipochoka kwa wingi wa watu. Lakini ile amri ya Sabato ina sehemu ambayo wengi huipita upesi wanapoikariri. Haimpumzishi mwenye nyumba peke yake; yamtaja mtumishi wake, mume kwa mke, yamtaja na mnyama wake, na mgeni akaaye kwake. Basi pumziko la haki ni lile lisilomnyima mwingine pumziko lake. Tulikishika kipimo hicho tulipokwenda Unguja, na kwa kipimo hicho twawasimulia tuliyoyaona.

Mtu hutoka Dar es Salaam kwa meli iendayo mbio, akafika Unguja kwa muda wa saa mbili hivi. Zamani wasafiri walingoja upepo; siku hizi hungoja saa ya meli tu. Walakini bahari ni ile ile. Tarehe 18 Julai 2012, katika majira ya kusi, meli iitwayo Skagit ilizama karibu na kisiwa cha Chumbe ikitoka Dar es Salaam, na watu wengi wakafa, watoto miongoni mwao. Hatulitaji jambo hili kwa kuwatisha, bali kwa sababu mgeni aliyekuja kustarehe huwa na haraka kuliko mtu wa kazi. Siku zake ni chache, fedha amekwisha lipa, naye hataki kuambiwa kwamba leo bahari imechafuka. Nahodha akisema leo hapana, msimbembeleze kwa fedha. Yeye naye ana watoto wanaomngoja nyumbani.

Mji wenyewe, yaani Mji Mkongwe, ulitiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, na kazi ya kwanza ya mgeni ni kutembea kwa miguu katika vichochoro vyake, akitazama milango ya mbao iliyonakshiwa. Katika mtaa wa Mkunazini liko Kanisa Kuu la Kristo. Hapo palikuwa soko la watumwa, lililofungwa mwaka 1873 Sultani Barghash alipotia sahihi mapatano na Waingereza. Na siku ya Krismasi ya mwaka uo huo liliwekwa jiwe la msingi la kanisa. Askofu Edward Steere, aliyesimamia ujenzi, na aliyefanya kazi kubwa ya kuyatafsiri Maandiko kwa Kiswahili, alifariki mwaka 1882 na kuzikwa nyuma ya altare. Nje ya kanisa, ndani ya shimo, zimesimamishwa sanamu za watumwa wenye minyororo shingoni. Tuliona wageni waliokuwa wakicheka njiani wakinyamaza walipofika ukingoni mwa shimo hilo. Ni vema safari ya kupumzika ianzie hapo, mahali walipouzwa watu wasioruhusiwa kupumzika kabisa.

Jua likishuka watu wote huelekea Forodhani, bustani iliyo mbele ya bahari. Vijana wa mji hukimbia juu ya ukuta na kujirusha majini, mmoja kichwa chini, mwingine akijipindua angani, na watu huwapigia makofi. Taa zikiwashwa, wauzaji huanza kuchoma mishikaki na pweza, na kukaanga mihogo. Wako wauzao urojo, na wako wakamuao miwa wakitia ndimu na tangawizi. Jambo lililotupendeza ni hili, kwamba Forodhani haikutengwa kwa wageni. Mama wa Kiunguja ameketi na wanawe juu ya nyasi, na mtalii kutoka Ulaya ameketi hatua mbili kutoka kwake, wote wakila chakula kimoja. Wenyeji wana starehe zao, nazo ni za zamani kuliko hoteli: kuzungumza barazani baada ya sala ya alasiri, kucheza bao chini ya mti, kushindana kwa ngalawa. Mgeni mwenye busara huketi akatazama bao hata akaalikwa, na akishindwa hucheka pamoja nao.

Siku ya pili tulipanda mashua kwenda Changuu, kisiwa kidogo kinachoonekana kutoka mjini. Wengi hukiita Kisiwa cha Gereza, kwa kuwa mwaka 1893 Lloyd Mathews, waziri Mwingereza wa serikali ya Unguja, alikitwaa, na gereza likajengwa. Lakini wafungwa hawakuwekwa humo, bali nyumba zilitumiwa kuwa karantini ya abiria wa meli waliodhaniwa kuwa na maradhi. Siku hizi watu huenda kuoga, kutazama samaki, na hasa kuwaona kobe wakubwa. Kobe hao asili yao ni visiwa vya Shelisheli. Wanne wa kwanza waliletwa mwaka 1919 kuwa zawadi. Wakazaana, kisha watu wakawaiba na kuwauza hata wakapungua sana, ikabidi wajengewe ua na kulindwa.

Ukiwaingilia uani, hupewa majani ya kuwalisha, na umri wa kila mmoja umeandikwa kwa rangi juu ya gamba lake. Wengine wamepita miaka mia. Watoto huwapenda mno, na hapo ndipo mzazi aangalie, kwa maana mtoto akiona gamba pana hutaka kulipanda. Mlinzi hukataza, lakini hawezi kuwa kila mahali. Tulimsikia baba mmoja akimwambia mwanawe kwamba mnyama huyu alikuwa akitembea hapa kabla babu yake hajazaliwa, basi amwamkie kama amwamkiavyo mzee. Mtoto akachuchumaa, akatoa jani lake kwa adabu, naye kobe akanyosha shingo akalipokea. Tuliona kwamba baba huyo alifundisha kwa neno moja kuliko bango zima lenye maandishi.

Kusini ya mji kiko kisiwa cha Chumbe, chenye mnara wa taa uliojengwa mwaka 1904. Mwaka 1994 mwamba wake wa matumbawe ulitangazwa kuwa hifadhi, nao uvuvi ukakatazwa hapo. Wavuvi kadha wa kadha wa vijiji vya jirani walifundishwa kuwa walinzi, na wale waliokuwa wakitupa nyavu ndio waliowaeleza wenzao kwa nini wasitupe tena: samaki akiachwa azae penye mwamba uliotulia, watoto wake hutoka na kuenea katika maji ya wavuvi wote. Wageni walalao kisiwani ni wachache, maana nyumba ni 7 tu. Kila nyumba hukinga maji ya mvua kwa paa lake la makuti, taa zake hupata nguvu kwa jua, na vyoo vyake havimwagi kitu baharini.

Mchezo wa Chumbe ni mmoja, nao ni kutazama. Mtu huvaa miwani ya kuzamia na mrija wa kupumulia, hulala juu ya maji kifudifudi, na ulimwengu mwingine humfungukia: matumbawe kama vichwa vya kabichi na kama pembe za paa, na samaki wa rangi zote, wengine wadogo kuliko kidole, wakipita makundi makundi bila kuogopa. Sharti ni moja: usiguse wala usisimame. Tumbawe laonekana kama jiwe, kumbe ni nyumba ya viumbe hai wengi wadogo mno, na hatua moja ya mguu yaweza kuvunja kilichokua kwa miaka mingi. Hata palipolindwa hivyo, maji ya bahari yalipopata joto kupita kiasi mwaka 1998, na tena mwaka 2016, matumbawe mengi yalipauka, na mengine yakafa. Tangu zamani hifadhi hiyo imewapeleka wanafunzi wa shule za Unguja kutazama na kujifunza, nao sasa ni maelfu. Walimu wetu na walijue hili, kwa maana wako watoto wengi wa pwani ambao baba zao ni wavuvi, nao hawajapata kuona chini ya maji wanayoyavulia.

Kutoka huko habari hubadilika kidogo, nasi hatutaficha. Katika kijiji cha Kizimkazi, chenye msikiti wa kale ulioandikwa tarehe yake, ambayo kwa hesabu yetu ni mwaka 1107, kazi kubwa ya vyombo siku hizi ni kuwapeleka wageni kuwaona pomboo. Zamani wavuvi waliwawinda wanyama hawa wapate chambo cha papa. Watalii walipoanza kuja, watu wakaona pomboo aliye hai ana faida kuliko aliyekufa, wakaacha. Hilo ni jema. Lakini asubuhi tuliyokwenda, mashua zilikuwa nyingi. Pomboo walipojitokeza, kila nahodha alitia moto mashine, na wageni wakaambiwa waruke majini upesi. Pomboo wakazama, wakatokea mbali, na mashua zote zikawafuata tena. Wataalamu waliowachunguza pomboo wa Kizimkazi wameona kwamba mashua zikiwazunguka, hupunguza kupumzika na huhangaika, na walio na watoto huumia zaidi. Tazameni basi jinsi mambo yalivyogeuka: watu wametoka mbali kuja kupumzika, na pumziko lao limekuwa taabu ya mnyama.

Kosa hilo si la nahodha peke yake. Yeye hukimbiza kwa sababu mgeni hudai, na mgeni asiporidhika hatoi bahashishi. Kijana aliyetuchukua, tulipomwambia azime mashine na kungoja, alitutazama kwa mshangao, kisha akazima. Tulikaa kimya muda wa nusu saa, mashua ikiyumba. Mashua nyingine zilipokwisha ondoka, pomboo wanne walikuja taratibu wakapita chini yetu, mmoja akiwa na mtoto wake ubavuni. Yule kijana alitabasamu kuliko sisi. Katika msitu wa Jozani, uliofanywa hifadhi ya taifa pamoja na ghuba ya Chwaka mwaka 2004, tuliona utaratibu ulio bora: mgeni huongozwa kwa miguu, husimama mbali na kima punju, wasiopatikana kwao penginepo isipokuwa Unguja, na sehemu ya fedha za kiingilio hurudi kwa vijiji ambavyo mashamba yao huliwa na wanyama hao.

Mwisho tulikwenda pwani ya mashariki, Paje na Jambiani, mahali penye mchanga mweupe kama unga. Huko ndiko kwenye hoteli nyingi. Vijana wa Kizungu, na sasa vijana wa Kiunguja pia, husimama juu ya ubao wakivutwa na tiara kubwa, nao huruka juu ya mawimbi kama mbayuwayu. Majira yao ni ya kaskazi na ya kusi, upepo unapovuma sawasawa. Maji yakikupwa wakati wa bamvua, bahari hurudi nyuma mbali sana, na mahali palipokuwa na vilindi vya buluu huonekana uwanja wa mchanga na madimbwi. Mgeni hudhani uwanja huo ni wa kutembelea tu. Kumbe ni shamba.

Akina mama wa vijiji hivyo hulima mwani. Kilimo hiki kilianzishwa hapo mwaka 1989. Hupigilia vigingi mchangani, hufunga kamba baina yake, na katika kamba hufunga vipande vidogo vya mwani, kimoja kimoja. Baada ya majuma sita hivi huvuna, huubeba kichwani ukiwa umelowa maji, huuanika, na kuuza. Nao hupelekwa nchi za mbali kufanyiwa dawa ya meno na aiskrimu. Kazi hufuata mwezi na maji, haifuati saa ya mtu. Maji yakikupwa alfajiri, mama huamka alfajiri. Yakikupwa adhuhuri, huinama juani adhuhuri. Joto la bahari limeongezeka, na ile aina ya mwani yenye bei kubwa hufa, hata wengine wameanza kufanya sabuni kwa mwani wao wapate faida zaidi. Sasa fikirini mgeni apitaye na ubao wake akaikata kamba, au asimamaye juu ya mama aliyeinama akampiga picha bila kumwamkia. Hakukusudia ubaya. Alidhani yuko mahali pa kupumzikia, wala hakujua yuko kazini mwa mtu.

Wenyeji wetu wa Unguja karibu wote ni Waislamu, nao ni watu wa adabu sana, hawamkemei mgeni. Kwa sababu hiyo mgeni ajikemee mwenyewe. Nguo ya kuogea ni ya ufuoni, si ya kupita nayo kijijini na mbele ya msikiti. Katika mwezi wa Ramadhani mtu asile wala kunywa njiani mchana. Na pombe, ambayo imewaharibia wengi likizo yao na nyumba yao pia, isiwe ndiyo inayowatambulisha Wakristo kisiwani. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Na tujiulize kama kwa kuja kwetu mwenyeji amepona kweli.

Tumebakiza jambo moja lililotugusa kuliko yote. Katika nyumba ya wageni tulimofikia palikuwa na kijana wa kwetu bara, Mkristo, mwenye kuandalia meza. Huamka saa kumi ya usiku na kulala wageni wanapolala. Tulimuuliza kama Jumapili hupata kwenda kanisani, tukidhani atatuambia hapana, kwa kuwa Jumapili ni siku ya wageni wengi, na kanisa ni mbali. Akatuambia kwamba huenda, tena mara nyingi. Mwenzake wa kazi, kijana wa Kiislamu wa kijiji hicho, hushika meza zake Jumapili asubuhi, naye humshikia mwenzake Ijumaa adhuhuri apate kwenda msikitini. Hakuna aliyewaagiza. Walipatana wenyewe jikoni, wakaomba ruhusa kwa msimamizi, naye akakubali.

Twasema kwamba vijana hao wawili wameifahamu amri ile kuliko wengi wetu tunaoikariri. Kila mmoja amebeba kazi ya mwenzake ili mwenzake apate pumziko la roho, wala hakuna aliyepoteza imani yake kwa kumtendea mwenziwe wema. Na wageni wangeweza kuwasaidia kwa neno dogo: kuridhika na chakula chepesi Jumapili asubuhi, kutandika kitanda chao wenyewe siku hiyo, kutopiga kengele kwa kila kijiko. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hatusemi mtalii alime, lakini jembe hilo dogo yampasa alishike.

Basi ninyi wazazi na walimu mnaokusudia kusafiri, nendeni kwa furaha. Wapelekeni watoto wakaone kobe na matumbawe, wakaoge, wakacheze mchangani hata wachoke. Kabla ya kwenda, wafundisheni kuamkia na kuomba ruhusa. Tafuteni nahodha asiyekimbiza wanyama, na mkimpata mlipeni vema ili wengine waige. Nunueni sabuni na vikapu kwa wanawake wenyewe walioifanya kazi. Na mnapokaa mezani jioni, ulizeni jina la anayewaletea chakula, mkaulize na siku yake ya kupumzika ni ipi. Kama hana, semeni na mwenye nyumba kwa upole, maana neno la mgeni husikiwa kuliko neno la mtumishi. Neema ya Bwana na iwe pamoja nanyi safarini na nyumbani.